Picha Zako Zikianza Kufanana

Mpiga picha anayeishi kwa harusi, send-off, mahafali na picha za pasipoti hufika mahali ambapo mikono inajiendea yenyewe. Maharusi wanasimama palepale penye maua, kamera iko kimo kilekile, kichwa kinainamishwa upande uleule, na albamu ya harusi ya Tanga ukiibandika majina ya watu wa Kibaha hakuna atakayeshtuka ila wenye harusi yao. Wateja hawalalamiki. Wanalipa, wanashukuru, wanakuletea ndugu zao. Anayelalamika ni wewe, usiku, unapopitia kazi kwenye kompyuta na kuona kwamba hakuna hata picha moja uliyoipiga kwa sababu jambo lenyewe lilikushika.

Wengi wakifika hapo hukimbilia dukani. Lenzi mpya inaleta raha ya wiki mbili, kisha inaanza kutoa picha zilezile, safi zaidi tu. Wengine hukesha na simu wakipitia kazi za wapiga picha wa Lagos, Seoul na New York, na Jumamosi ifuatayo wanaiga pozi moja lililowapendeza. Lenzi nzuri ina faida yake, na kutazama kazi za wenzako ni sehemu ya kujifunza. Lakini naamini kwa dhati kwamba njia mpya iko karibu zaidi ya hapo: imo katika picha ulizokwisha kupiga bila kuzitazama sawasawa, na katika mtaa unaoupita kila siku. Hatua zifuatazo anaweza kuzifuata mwenye kamera kubwa na mwenye simu tu. Zipe kama miezi mitatu, na usiache kazi inayokulisha.

Hatua ya kwanza: Tandaza kazi yako ya zamani mkekani

Toa picha 100 ulizopiga miaka miwili mitatu iliyopita. Changanya za kulipwa na zile ulizopiga kwa kupita tu, na usiache zilizokataliwa na wateja. Zisafishe kwa ukubwa mdogo kabisa na bei ndogo kabisa, kisha zitandaze mkekani. Kwenye kioo cha simu unaziona moja moja na kila moja inajitetea. Mkekani unaziona zote kwa pamoja, na mazoea yako yanajitokeza wazi.

Zigawe mafungu matatu. La kwanza ni la kazi iliyofanywa kama mteja alivyotaka. La pili ni la picha nzuri ambazo mpiga picha yeyote mwenye ujuzi angezipata. La tatu ni la picha ambazo huwezi kueleza vizuri kwa nini ulizipiga. Fungu hili la tatu huwa dogo, na mara nyingi limejaa vitu ambavyo mteja asingevinunua: mkono wa mpishi ukichota pilau, bibi aliyesinzia kwenye kiti cha plastiki huku muziki ukiunguruma, mtoto aliyekatiza mbele ya kamera, viatu vilivyorundikana mlangoni.

Fungu hilo ndilo la kushughulika nalo. Mpiga picha Samuel Fosso alifungua studio yake mjini Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975, akiwa na miaka 13. Mchana alipiga picha za watu waliohitaji kitambulisho au kumbukumbu. Jioni, filamu ikibaki na nafasi chache ambazo hazijatumika, aligeuza kamera akajipiga mwenyewe, amevaa mavazi ya fasheni ya wakati ule, na picha nyingine akamtumia bibi yake Nigeria ili ajue kwamba mjukuu wake yu mzima. Leo jina lake linajulikana kwenye majumba makubwa ya sanaa kwa sababu ya picha zile za mwisho wa filamu. Kazi yake ya kweli ilikuwa imejificha katika mabaki ya kazi ya kulipwa, na ndiyo sababu nakuomba uanzie kwenye mabaki yako.

Geuza kila picha ya fungu la tatu, andika nyuma yake neno moja au mawili ya kitu kilichokuvuta. Usiandike “nzuri” wala “imetulia.” Andika kitu kinachoshikika: mikono, migongo, rangi ya ukuta, watu wanaosubiri. Neno likijirudia mara tatu au nne, liweke kando. Utalihitaji.

Hatua ya pili: Yafahamu mazoea yako, kisha lifungie moja

Rudi kwenye mafungu mawili ya kwanza, uandike unachokifanya kila mara. Kamera usawa wa jicho. Mtu katikati ya fremu. Tabasamu. Rangi zilizokolezwa hadi nyasi zinang’aa. Flashi ya kumlenga mtu usoni. Na zoea lililoenea kuliko yote kwa sasa: nyuma ya mtu kufifishwa hadi kusijulikane kama ni Mwanza au Muscat.

Chagua zoea moja tu, ulikatae kwa wiki mbili. Ningekushauri uanze na hilo la kufifisha nyuma. Weka tundu la lenzi kwenye f/8 au f/11. Ukitumia simu, zima ile programu inayofifisha mandhari. Kuanzia hapo kila kilicho nyuma ya mtu kitaonekana: nguzo ya umeme, bango la duka, nguo kwenye kamba, jirani anayechungulia. Siku chache za mwanzo utakereka. Baadaye utaanza kusogea hatua mbili kulia ili nguzo isiote kichwani mwa mtu, utachuchumaa ili bango lisomeke, utasubiri jirani afike mlangoni. Hapo ndipo unapoanza kupanga picha.

Pamoja na katazo hilo, jiwekee ukomo: picha 12 kwa kila matembezi, usizidishe. Seydou Keïta, aliyefungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948, alipiga watu wake uani kwa mwanga wa jua, na kwa kawaida mteja alipata picha moja tu kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka ya kitandani kwake. Kwa vifaa hivyo alitengeneza picha ambazo dunia nzima inazijua: maua ya gauni yakizungumza na maua ya pazia, mkono umewekwa mahali pake, uso umetulia. Mtu mwenye nafasi moja tu hutazama kwanza ndipo abonyeze.

Hatua ya tatu: Chagua kitu kimoja kilicho karibu, ukikalie

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanapotoroka.

Chukua lile neno lililojirudia nyuma ya picha zako, ulitafutie kitu halisi mtaani. Kiwe unaweza kukifikia kwa miguu au kwa daladala moja. Kiwe unaweza kukirudia kila wiki. Kiwe hakihitaji barua ya ofisi yoyote. Na viwepo vingi vya aina yake, kila kimoja kikitofautiana kidogo na mwenzake. Kama neno lako ni “mikono,” una mafundi cherehani wa barazani, wasusi, wakaanga mihogo, wapaka hina. Kama ni “wanaosubiri,” una vituo vya mabasi, foleni za bomba, wagonjwa wa jino kwenye benchi. Kama ni “ukuta,” una saluni za kiume na nyuso zilizochorwa juu ya milango yao.

J.D. ’Okhai Ojeikere wa Nigeria alianza mwaka 1968 kupiga picha za misuko ya nywele. Alizipata harusini, ofisini, barabarani. Aliondoa kila kitu kinachovuruga jicho, akapiga kwa rangi nyeusi na nyeupe, mara nyingi kutoka nyuma, ili msuko wenyewe uonekane kama kazi ya mchongaji. Aliendelea kwa miongo kadhaa hadi zikafika takriban misuko 1,000. Picha moja ya msuko ni picha ya msuko. Ukiweka mia moja pamoja unaona akili ya wasusi wa nchi nzima, tena unaona mitindo iliyokwisha kupotea. Huku kwetu tumesuka twende kilioni na yeboyebo miaka nenda miaka rudi, na msusi anakaa nyumba ya tatu kutoka kwako. Ni nani amewahi kuzipanga pamoja?

Tazama pia alivyofanya Thandiwe Muriu wa Nairobi. Alitoka kwenye picha za matangazo ya biashara, akachukua kitu ambacho kila mpiga picha wa harusi anakiona hadi anakichoka: kitenge. Akamvalisha mwanamke nguo ya kitenge, akamweka mbele ya pazia la kitenge hichohicho, mpaka mwili ukazama kwenye nakshi na kubaki uso, nywele na miwani iliyoundwa kwa vifaa vya nyumbani. Hakuna kifaa cha ajabu hapo. Kitambaa kipo sokoni na vifaa vipo jikoni. Upya wake ni uamuzi wa kuchukua wazo moja na kulifikisha mwisho, bila kugeukia jingine njiani.

Kuhusu milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar na machweo ya Forodhani: ni vitu vizuri, na vimepigwa hadi havionekani tena. Kama moyo wako uko kwenye milango, nenda kwenye milango ya mabati ya mtaani kwako, au piga mlango mmoja tu wa nakshi kwa mwaka mzima pamoja na kila mtu anayetoka na kuingia.

Wiki ya nne au ya tano utachoka. Utasema kitu hiki kimekwisha na utatamani kingine. Usihame. Uchovu huo unakuja kwa sababu umemaliza picha rahisi, zile ambazo kila mtu angezipata siku ya kwanza, na jicho halijajua liende wapi. Badilisha jambo moja dogo: kama ulikuwa unasimama, keti chini, kama ulipiga nyuso, piga migongo. Malick Sidibé wa Mali, aliyepata sifa kwa picha za vijana wakicheza dansi Bamako, alipokuwa mtu mzima aliwageuza watu aliokuwa akiwapiga, akatengeneza mfululizo mzima wa watu waliotupa kisogo. Mtaa ni uleule, mtu ni yuleyule, kilichogeuka ni mwelekeo wake.

Hatua ya nne: Lijue jua la kwetu

Mafunzo mengi ya picha yameandikwa na watu wa nchi za kaskazini, na ushauri wao kuhusu mwanga unafaa kwao. London, mwezi Desemba, jua la adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 15 hivi kutoka upeo wa macho; mchana kutwa mwanga unaingia kwa ubavu. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Hapa jua linapanda karibu wima, na saa tatu asubuhi limekwisha kupita nyuzi 30 mwaka mzima. Hata Juni, linapokuwa chini kuliko miezi mingine, adhuhuri linafika nyuzi 60. Machi ikianza, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, linapita juu ya utosi kabisa na kivuli cha mtu kinajikunja miguuni pake. Mwanga laini wa asubuhi kwetu ni mfupi: anza saa kumi na mbili na nusu, na saa mbili uwe umemaliza.

Basi tumia asubuhi na alasiri, lakini usifunge kamera mchana, maana watu wetu wanaishi mchana. Jifunze mwanga unaorudi. Mketishe mtu ndani kidogo ya mlango, uso ukitazama nje ambako jua linapiga mchanga au sakafu ya saruji. Mwanga utaruka kutoka chini na kumjaa usoni, macho yatang’aa, na nyuma yake kutakuwa na giza la chumba. Barazani mkabala na ukuta uliopakwa chokaa utapata jambo hilohilo. Ukikosa ukuta mweupe, msaidizi ashike shuka nyeupe mbele ya mtu, nje kidogo ya fremu.

Jambo jingine linalowakwaza wengi ni kipimo cha mwanga. Kamera hukadiria kwamba kila ilichoelekezwa kina wastani wa kijivu. Kanzu nyeupe ikijaa kwenye fremu, kamera inapunguza mwanga na kanzu inatoka chafu. Ongeza mwanga kwa kipimo kimoja. Buibui likijaa, kamera inaongeza mwanga na weusi wake unakuwa majivu. Punguza mwanga kwa kipimo kimoja. Mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe anatoka kivuli kitupu ukiiachia kamera iamue, kwa hiyo pima usoni kwake, na ukuta ufuate. Ukishajua kuvifanya hivi kwa makusudi, unaweza pia kuvivunja kwa makusudi: liache buibui liwe giza tupu lenye mikono miwili na uso. Hiyo nayo ni njia.

Hatua ya tano: Ingia kwa hodi

Siku ya kwanza nenda bila kutoa kamera. Kunywa chai, nunua mihogo, kata nywele. Siku ya pili iache ining’inie shingoni bila kuitumia. Ukimkuta mtu mzima, anza panapostahili: “Shikamoo, mama.” “Marahaba, mwanangu.” “Mama, mimi mpiga picha, nakaa hapa nyuma ya msikiti. Nawapiga picha watu wa kazi za mikono. Ningeomba nikupige ukiwa kazini, na picha yako nitakuletea.” Akikataa, shukuru na uendelee kununua mihogo. Mtoto asipigwe bila mzazi au mlezi kukubali. Bandarini, kwenye kambi za jeshi, vituo vya polisi na viwanja vya ndege kamera ibaki mfukoni. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Sura ya mtu anayetambulika ni yake, hasa unapotaka kuitumia kibiashara.

Na ukishakubaliwa, muulize mtu mwenyewe angependa aonekane vipi. Katika studio ya N.V. Parekh, Mombasa, kati ya miaka ya 1940 na 1980, watu walikwenda wakiwa na wazo lao kuhusu nguo, pozi na nani asimame na nani, na uzuri wa picha zile umetokana na makubaliano ya pande mbili. Fundi cherehani anaweza kukuambia anataka kupigwa na mashine yake ya kwanza iliyo uvunguni. Wewe usingeijua.

Hatua ya sita: Liingize jicho jipya kwenye kazi ya kulipwa

Maliza kwanza picha zote ulizokubaliana na mteja. Kisha omba dakika kumi za kwako. Harusini, nenda jikoni kwa wapishi, au kwenye chumba ambako mashangazi wanamfunga bi harusi mtandio. Mpelekee mteja picha tano za aina hiyo bila kumtoza. Wapo watakaozipita bila neno. Wapo pia watakaozikuza na kuziweka ukutani, na hao ndio watakaokuita tena kwa ajili ya jicho lako, tena kwa bei yako.

Hatua ya saba: Chuja, hifadhi, onyesha

Baada ya miezi mitatu utakuwa na picha mia kadhaa. Zisafishe 40, zirudi mkekani, zikae siku chache ukipita ukizitazama. Punguza hadi 15. Toa inayorudia kazi ya mwenzake, hata kama unaipenda, hata kama uliamka saa kumi alfajiri kuipata. Mwite mtu mmoja asiye mpiga picha, azipange anavyotaka, nawe unyamaze. Pale atakaposita, pana tatizo au pana jambo kubwa, muulize.

Andika nyuma ya kila picha tarehe, mahali na jina la mtu kama ameridhia. Weka nakala mbili za mafaili sehemu mbili tofauti. Capital Art Studio ya Unguja, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe Rohit, ilipiga wakubwa wa serikali na wateja wa kawaida pia. Kwa kuwa picha zilitunzwa, leo mtu anaingia pale akaona mji ulivyokuwa kabla hajazaliwa. Za kwako nazo zitafika huko zisipopotelea kwenye simu iliyoanguka majini.

Usingoje kualikwa na jumba la sanaa. Zitundike kwenye saluni uliyoipigia picha, kwenye kibanda cha chai, kwenye ukuta wa shule siku ya mahafali. Kila aliyepigwa apate nakala yake mkononi kabla picha haijawekwa mtandaoni, kama ulivyoahidi siku ya kwanza. Kisha mwambie ni lini utarudi, na siku hiyo urudi kweli.